Alifika Nusu Fainali, Lakini Nani Alimfikisha?

Ukikaa vimbwetani jioni na watu wa Elimu, hasa wiki hizi tunaposubiri kupangiwa shule za TP, mada ya viboko haikosi. Na ikishaibuka, lazima kuna mtu atasema ile sentensi: "Mimi nimechapwa tangu darasa la kwanza, na leo si niko chuo?" Watu wanacheka, wanagonga meza, mjadala umeisha. Ni hoja tamu kwa sababu anayeitoa anajileta mwenyewe kama ushahidi. Utambishiaje mtu ambaye matokeo yake unayaona, amekaa mbele yako anakula karanga?

Hoja hiyo na mimi nimeitoa mara nyingi. Leo nairudisha, na nitairudisha kwa kupitia mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii: tenisi. Nilikuwa natafuta mfano wa wasilisho la semina kuhusu malezi na vipaji, nikakutana na habari za binti mmoja wa Croatia, Mirjana Lučić. Wasilisho nililimaliza siku hiyohiyo. Habari zake zimenikaa kichwani hadi leo.

Tuanze na upande unaong'aa. Mirjana alizaliwa Machi 1982 mjini Dortmund, Ujerumani, katika familia ya Wakroatia, akakulia Croatia. Mwaka 1996, akiwa na miaka 14, alitwaa ubingwa wa wasichana chipukizi kwenye US Open. Januari 1997, kabla hajatimiza 15, akachukua na ule wa Australian Open. Miezi michache baadaye akaingia kwenye mashindano yake ya kwanza ya WTA, yaani ya wanawake wa kulipwa, katika mji mdogo wa Bol kwenye kisiwa cha Brač, hukohuko kwao. Kwa mtoto wa umri ule, kushinda mechi moja tu ingekuwa habari. Yeye alibeba kombe. Mwaka huohuo akafika fainali ya Strasbourg na kufungwa na Steffi Graf, na kufungwa na Graf kwa zama zile haikuwa aibu kwa mtu yeyote.

Januari 1998 akaungana na Martina Hingis kwenye mchezo wa wawili wawili, wakawa mabingwa wa Australian Open. Hingis alikuwa na miaka 17, Mirjana 15. Baada ya hapo akarudi Bol, akalitetea kombe lake. Kwa hesabu ya haraka, kabla ya kumaliza mwaka wake wa 16 alikuwa na mataji ambayo wachezaji wengi wazuri wanastaafu bila kuyagusa.

Fikiria pia nchi yenyewe. Croatia ilijitangazia uhuru 1991, na vita vilivyofuata vilidumu mpaka 1995. Ilikuwa nchi changa, imechoka, inatafuta watu wa kujivunia. Goran Ivanišević alikuwa amefika fainali za Wimbledon 1992 na 1994. Iva Majoli, mwenye miaka 19, alishinda French Open 1997 kwa kumfunga Hingis. Halafu, mwaka huohuo, akatokea huyu wa miaka 15. Mtu gani angeanza kuuliza mtoto huyu analelewaje? Matokeo yalikuwa yanajibu yenyewe.

Sasa upande wa pili. Katikati ya 1998, akiwa na miaka 16, Mirjana aliondoka Croatia na mama yake na ndugu zake wakaenda Marekani. Alieleza hadharani kwamba walikuwa wanamkimbia baba, na kwamba baba huyo alikuwa anampiga kwa miaka mingi. Baba alikanusha. Mimi si mahakama na sikuwepo, lakini binti ameyasema hayo akiwa kijana, akayarudia akiwa mtu mzima, na sioni alichopata kwa kuyasema.

Tuyaweke basi maelezo yake kando ya kalenda ya mataji. Kwa maelezo hayo, kombe la Bol la 1997 linaangukia ndani ya miaka ya kipigo. La Melbourne vilevile. Mtu aliyekuwa anatazama televisheni aliona mtoto mwenye nidhamu, anayepiga mpira kwa nguvu za mtu mzima, na nyuma yake familia iliyojitoa. Kama ungemuuliza mtu huyo siku ile, angekwambia: baba mkali, ndiyo maana binti kafika. Angekuwa ametoa ileile hoja yetu ya vimbwetani, kwa lugha nyingine tu.

Nilijiuliza inawezekanaje mambo kama hayo yapite mbele ya waandishi, waamuzi na madaktari wa mashindano. Jibu moja ni jinsi mchezo wenyewe ulivyojengwa. Tenisi si kama soka, ambako kuna klabu, kocha, wenzako ishirini na nahodha wa kumwendea. Mchezaji wa tenisi anasafiri na watu wake. Mara nyingi kwa watoto, mtu wao ni mzazi: ndiye kocha, ndiye anayelipia hoteli, ndiye anayeshika pesa za zawadi, ndiye anayezungumza na waandishi. Kukiwa na shida na huyo mtu mmoja, mtoto hana ofisi ya pili ya kwenda. Na mtoto akishaanza kuingiza pesa, familia nzima inakuwa imeegemea bega lake. Kusema anachofanyiwa maana yake ni kuvunja jiko ambalo wote wanakula.

Wakubwa wa mchezo hawakuwa wamelala kabisa. Jennifer Capriati wa Marekani alianza kulipwa 1990 kabla hajatimiza miaka 14, akafika nusu fainali ya French Open mwaka huohuo, na baada ya miaka michache akachoka na kuacha kucheza kwa muda. Kilio kilichofuata kiliifanya WTA ibadili taratibu zake, na kuanzia 1995 wachezaji walio chini ya miaka 18 waliwekewa kikomo cha mashindano wanayoruhusiwa kucheza kwa mwaka. Kabla ya hapo, 1993, baba wa mchezaji Mary Pierce alipigwa marufuku kuhudhuria mashindano kwa sababu ya vurugu zake, na ikawekwa kanuni kuhusu mwenendo wa ndugu za wachezaji.

Kanuni nzuri hizo, sizibezi. Lakini angalia zilikuwa zinahesabu nini. Zilihesabu idadi ya mashindano. Zilitazama mzazi anayepiga kelele jukwaani. Mzazi anayekaa kimya jukwaani, mambo yake yakafanyika hotelini, angepita salama. Mirjana alikuja baada ya kanuni zote mbili kuwepo. Kwenye karatasi alikuwa mtoto anayelindwa.

Halafu ikaja Wimbledon ya 1999, na hii ndiyo sehemu iliyonikalisha chini.

Mirjana alikuwa na miaka 17, na ulikuwa umepita kama mwaka mmoja tangu aondoke nyumbani. Akamtoa Monica Seles, bingwa mara tisa wa mashindano makubwa manne. Kwenye robo fainali akamtoa Nathalie Tauziat, aliyekuwa amecheza fainali ya Wimbledon mwaka uliotangulia. Nusu fainali akakutana na Graf, bingwa mara saba wa uwanja ule, na akachukua seti ya kwanza. Graf ikabidi atoke nyuma kushinda kwa seti tatu. Hakuna tokeo lolote la ujana wake lililofikia lile la Wimbledon, na alilipata akiwa ameshatoka mikononi mwa yule tunayemwita mjenzi wake.

Kwenye robo fainali za mashindano yaleyale kulikuwa na binti mwingine, Jelena Dokic, mwenye miaka 16. Dokic alizaliwa Osijek, hukohuko Croatia, wakati huo ikiwa sehemu ya Yugoslavia, na alikuwa anaichezea Australia. Raundi ya kwanza alimfunga Hingis, aliyekuwa namba moja duniani, 6-2, 6-0. Dunia ilishangaa. Mwaka 2017 Dokic alitoa kitabu cha maisha yake, na humo anasimulia kwamba baba yake alikuwa anampiga tangu utotoni. Kwa hiyo katika wanawake wanane waliobaki Wimbledon mwaka ule, wawili walikuwa vijana wadogo ambao wote baadaye walisema walikuwa wamepigwa na baba zao. Na wote wawili, kwa yeyote aliyetazama ubao wa matokeo, walikuwa mfano wa malezi yaliyofanikiwa.

Najua mtu wa upande wa pili atasemaje, kwa sababu na mimi nilijisemea. Baada ya 1999 Mirjana aliporomoka. Viwango vilishuka, pesa zikawa tatizo, na katikati ya miaka ya 2000 akapotea kabisa uwanjani kwa miaka kadhaa. "Unaona? Alipokosa mkono wa baba, akaanguka."

Ni kweli alianguka. Lakini huwezi kuhesabu mataji ya mtoto upande wa fimbo, halafu kuanguka kwake ukahesabu upande wa kukosa fimbo. Hiyo ni kusahihisha mtihani ambao umeshaamua nani afaulu. Inawezekana pia kwamba binti wa miaka 17, aliyehama nchi, mwenye familia ya kutunza na miaka ya hofu mwilini, alikuwa analipa deni ambalo hakulikopa yeye. Mimi siwezi kuthibitisha hilo kwa namba. Ninachosema ni kwamba mwenye hoja ya fimbo naye hawezi kuthibitisha yake, ila yeye ndiye anayetembea na fimbo.

Habari yake haikuishia hapo. Alianza upya 2007 kwenye mashindano madogo madogo. Mwaka 2010 aliingia tena Wimbledon kwa kupitia mechi za mchujo, kama mchezaji asiye na jina. Septemba 2014 alimfunga Venus Williams kwenye fainali ya Quebec City na kubeba kombe, miaka 16 baada ya kombe lake la mwisho pale Bol. Januari 2017, akiwa na miaka 34, alifika Melbourne akiwa hajashinda mechi ya mmoja mmoja kwenye Australian Open tangu 1998. Akamtoa Agnieszka Radwańska, akamtoa Karolína Plíšková, mguu umefungwa bandeji, akafika nusu fainali. Miezi michache baadaye alikuwa wa 20 duniani, nafasi ya juu kuliko yoyote aliyowahi kuishika, hata akiwa mtoto wa ajabu.

Baada ya kumfunga Plíšková alisema, huku machozi yanamtoka, kwamba siku ile imeyafanya mabaya yote yaliyompata yawe sawa.

Nilipokutana na maneno hayo nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu ukiwa na haraka unaweza kuyatumia kunifunga mdomo. Si kasema mwenyewe yako sawa? Lakini angalia ni nani anasema, na lini. Anasema mwanamke wa miaka 34, aliyejijenga tena mwenyewe, karibu miaka 19 baada ya kuondoka. Kusamehe deni ni haki ya anayedai. Mdaiwa hawezi kusimama na kutangaza kwamba deni limeisha kwa sababu anayedai amenenepa. Akisema Mirjana yako sawa, nampongeza. Akisema aliyeshika fimbo, au mtazamaji kama mimi, huo ni wizi.

Sasa nije kwangu, maana nisipojitaja nitakuwa nimewaandikia watu wa mbali.

Kwenye TP iliyopita nilipangiwa sekondari moja ya kata. Kidato cha pili kulikuwa na kijana mmoja mchelewaji, na kazi za nyumbani alikuwa haleti. Wiki ya tatu nilimchapa mbele ya darasa. Viboko viwili. Kanuni za nchi yetu kuhusu viboko, zile za 1979 zilizorekebishwa 2002, zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi nilikuwa mwalimu mwanafunzi. Idhini sikuwa nayo, na hakuna aliyeandika popote. Fimbo niliikuta juu ya meza ya ofisi ya walimu, na hakuna aliyenishangaa nilipoichukua.

Kijana aliacha kuchelewa. Kazi akawa analeta. Kwenye jaribio la mwisho wa TP alishika nafasi ya tatu. Mwalimu mmoja mwenyeji akanigonga bega: "Umeona, mwalimu?" Nikaona. Nilirudi chuo na mfano huo, nikausimulia vimbwetani, watu wakagonga meza.

Kitu ambacho sikukisimulia ni kwamba kabla ya siku ile kijana yule alikuwa anauliza maswali. Mengine ya kipuuzi, mengine yalinitoa jasho. Baada ya siku ile hakuuliza tena hata moja. Sikumwuliza kwa nini alikuwa anachelewa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatembea umbali gani asubuhi, au alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kengele. Nilikuwa na nafasi yake ya tatu mkononi, na nafasi ya tatu ilitosha.

Ndiyo maana Mirjana amenigusa. Pale Bol watu walikuwa na kombe, mimi nilikuwa na jaribio la alama thelathini. Kosa ni lilelile: kuchukua matokeo ya mtoto na kumpa mtu mzima kama cheti.

Na ile hoja ya "nimechapwa na niko chuo" ina tundu jingine ambalo tenisi inalionyesha vizuri. Mirjana na Jelena tunawajua kwa sababu walishinda. Mtoto aliyepigwa vilevile, akaishia kutupa raketi akiwa na miaka 12, hana kitabu wala mahojiano. Hata sisi. Vimbwetani tumekaa tuliofika. Yule tuliyesoma naye darasa la tano, akaacha shule kwa kuogopa mwalimu wa zamu, hayupo hapa kutubishia. Ukihoji waliovuka mto peke yao, utaambiwa mto hauna mamba.

Sisemi watoto waachwe wafanye wanavyotaka. Bila saa za mazoezi Mirjana asingejua kupiga mpira, na bila ratiba hakuna darasa. Lakini ukali wa ratiba na kipigo ni vitu viwili. Richard Williams, baba yao Venus na Serena, alikuwa na mpango mkali kwa binti zake, na hajawahi kuitwa mzazi mpole. Lakini huyohuyo aliwatoa kwenye mashindano ya watoto wakiwa bado wadogo, wakati wengine wanasukuma wa kwao waongeze mechi. Aliyemtoa Mirjana kwenye nusu fainali ile ya 2017 ni Serena, akiwa na miaka 35, na akaenda kuchukua kombe kwa kumfunga dada yake.

Ombi langu kwa wenzangu wa Elimu ni dogo. Tukienda TP safari hii, mtu akikwambia "kafaulu, kwa hiyo fimbo imefanya kazi", muulize maswali mawili. Amejuaje kwamba ni fimbo? Na ni kitu gani kimepungua kwa mtoto yule, ambacho hakipo kwenye karatasi ya matokeo? Chama chetu kikiandaa semina ya kutuaga kwenda TP, kituletee pia zile kanuni tuzisome, maana wengi wetu tunachapa bila kujua kwamba hata sheria inayoruhusu viboko haijaturuhusu sisi.

Mimi nimeomba nipangiwe shule ileile. Kijana yule sasa yuko kidato cha tatu. Kama nitakubaliwa, nina swali nililopaswa kumwuliza mwaka jana, kuhusu asubuhi zake. Na ile fimbo nikiikuta bado iko juu ya meza, nitaiacha hapohapo.